Bukta ya sponji si ubishoo, ila bei ina mpaka wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu kaka yetu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba vijana wa baiskeli wanaonunua bukta zenye sponji kwa laki moja na zaidi wamepotea njia. Alisema wameziona mbio za dunia za Kigali mwaka 2025 kwenye televisheni wakaiga mavazi badala ya mazoezi, na kwamba pesa hiyo ingetosha tairi mbili na cheni mpya. Kuna mahali nakubaliana naye kabisa, na nitapasema. Lakini suala lenyewe, kama bukta hizi zina thamani ya bei yake, amelihukumu kwa kutazama nje tu. Mimi nguo hizi nimezitazama kwa ndani.

Ni fundi cherehani hapa Moshi, mama wa watoto wakubwa, na Jumamosi alfajiri naendesha baiskeli ya mbio na wenzangu. Wakati mwingine tunashuka kwenye mashamba ya miwa ya TPC ambako ni tambarare, wakati mwingine tunapandisha Himo hadi Marangu, na tukijaliwa nafasi tunakwenda Arusha, kilomita kama 80. Mji wetu hupitiwa na wageni wengi wa baiskeli, kwa hiyo mezani kwangu zimeletwa bukta za kila aina: zilizochanika mwenyewe alipoanguka kwenye kokoto, zilizofumuka mshono wa paja, zilizolegea mpira wa mguuni. Wapo walioniachia moja kwa moja maana hazivaliki tena. Hizo nimezifumua kipande kwa kipande, ya bei ndogo kando ya ya bei kubwa.

Niieleze kwanza ya bei ndogo, ile ya elfu ishirini au thelathini. Ukifumua unakuta sponji ya tabaka moja, unene uleule mwanzo hadi mwisho, imekatwa kwa mkasi, ikafunikwa kitambaa na kushonewa ovaloki kuzunguka. Ovaloki ni mshono mzuri wa kuzuia kitambaa kisifumuke, lakini unaacha tuta la nyuzi upande wa ndani. Kwenye gauni halina neno. Kwenye bukta ya baiskeli tuta hilo linasuguana na paja mzunguko kwa mzunguko. Mguu ukizungusha pedeli mara 80 kwa dakika, saa moja ni mizunguko 4,800. Nyingine zina mshono wa katikati unaopita chini, palepale mwili unapokutana na siti. Anayeivaa kwenda sokoni na kurudi hataona tofauti. Anayekwenda Arusha atarudi amechubuka.

Ya bei kubwa imetengenezwa kwa namna nyingine kabisa. Sponji ina tabaka mbili au tatu zenye ugumu tofauti, na zimebanwa pamoja kwa joto kwenye kalibu, kwa hiyo hakuna mshono hata mmoja unaokatiza katikati. Chini ya ile mifupa miwili ya kukalia imekazwa na ni nene, mbele inapungua, na katikati wameacha mfereji. Ukiiweka mezani hailali bapa, inajikunja kama bakuli, kwa sababu imeumbwa kwa ajili ya mtu aliyekaa juu ya siti. Mishono ya kitambaa imelala, ukipitisha kidole huikwazi.

Kuna jambo la sponji ambalo wengi hawalijui. Ukiibonyeza dukani, ile laini ndiyo inayokuvutia. Mwili wa kilo 70 ukiikalia, sponji laini inabonyea mpaka mwisho ndani ya dakika chache, na kuanzia hapo umekalia kitambaa tu. Watengenezaji huipima kwa uzito wa mita moja ya ujazo, na sponji za safari ndefu hufika kilo 80, nyingine hata 120, sehemu zinazobeba uzito, wakati sponji ya godoro la kawaida kwa kawaida haifiki 40. Kwa hiyo mteja akiniambia amepata bukta yenye sponji nene na laini sana kwa elfu ishirini na tano, najua alichouziwa.

Sasa hoja ya wazee. Kaka yetu anasema wazee wa Shinyanga na Mwanza waliendesha Phoenix mchana kutwa bila kujua sponji ni nini. Hapo namkatalia kwa heshima. Phoenix ina siti pana yenye springi nzito chini yake, usukani uko juu, na mwendeshaji hukaa wima, uzito wake ukatua kwenye makalio, mahali palipoumbwa kukaliwa. Baiskeli ya mbio siti yake ni nyembamba na ngumu, usukani uko chini, mtu anainama, nyonga inazunguka kwenda mbele, na uzito unahamia kwenye nyama laini iliyo katikati ya mapaja. Hapo ndipo zinapopita neva na mishipa ya damu ya sehemu za siri, za mwanamume na za mwanamke. Hizo ni baiskeli mbili zenye mahitaji mawili.

Na hao wazee sponji waliijua sana! Miaka yangu ya mwanzo ya ufundi, sehemu nzuri ya kipato changu ilitokana na vifuniko vya siti: mahameli nyekundu au ya bluu, nyuzi za kuning'inia pembeni, na ndani yake sponji ya godoro vidole viwili. Walikuja wabeba maziwa, walikuja wabeba ndizi wa Kibosho, walikuja mafundi waashi wanaotoka mbali kwenda kazini. Asiye na pesa ya mahameli alikunja gunia akalifunga kwa mpira wa tyubu. Hakuna aliyewaita mabishoo. Walikuwa watu wa kazi waliojua kinachouma na wakatafuta dawa yake kwa uwezo wao.

Tofauti ni kwamba wao waliivalisha siti, na vijana hawa wanaivaa wenyewe, na kwa safari ndefu kuivaa ni bora zaidi. Sponji ikiwa juu ya siti, mwili unateleza juu yake na ngozi ndiyo inayosuguliwa. Ikiwa imeshonwa kwenye bukta iliyokubana sawasawa, inakwenda pamoja na mwili, na msuguano unabaki kati ya kitambaa na siti, nje ya ngozi. Ndiyo maana bukta hizi hubana, na ndiyo maana nyingine zina mikanda ya mabegani: mikanda inashikilia sponji isishuke bila kumkaba mtu kiunoni. Na ndiyo maana hazivaliwi na chupi ndani. Ukivaa chupi umerudisha mishono na pamba inayonyonya jasho na kukaa na unyevu palepale ulipotaka pawe pakavu. Nimewaambia vijana wengi jambo hili dukani kwangu, wengine wakaona aibu kumsikia mama akilisema. Bora aibu ya dakika moja kuliko majipu ya wiki mbili.

Maana majipu ni ya kweli. Joto, jasho na msuguano vikikutana, vinyweleo vinaziba, vijidudu vinaingia, na mtu anapata kipele ambacho asipokipumzisha kinakuwa jipu. Wapo vijana wazuri, wenye nguvu, walioacha baiskeli kwa sababu hiyo na hawakumwambia mtu kwa sababu ya mahali penyewe. Nalo ganzi si la kuvumilia na kusema ndiyo michezo. Ganzi ni neva imebanwa. Ukilisikia simama juu ya pedeli damu ipite, na likirudi kila safari rekebisha siti yako kabla hujanunua kitu kingine chochote.

Hapo kwenye siti ndipo ninapokubaliana na kaka yetu kwamba wapo vijana wanaoanzia mwisho. Bukta ya bei yoyote haiponyi siti isiyokufaa. Iliyo juu mno inakufanya uyumbe nyonga kutafuta pedeli, iliyoinuka pua inakukandamiza mbele, nyembamba mno inaingia katikati ya mifupa badala ya kuibeba. Kujua upana wako hakuna gharama. Chukua kipande cha boksi, lile lenye mawimbi ndani, kiweke juu ya kigoda kigumu, kikalie ukiwa umeinama kidogo na kuinua visigino, kisha simama. Utaona mabonyeo mawili. Pima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya lingine, ongeza kama sentimita mbili, huo ndio upana wa siti wa kuanza kuutafuta. Wanawake wengi vipimo vyetu ni vipana kuliko vya siti zinazokuja na baiskeli hizi, na hilo peke yake limewakatisha tamaa dada wengi.

Sasa nitaje bei, kwa sababu ndiyo iliyomchoma kaka yetu. Kwa nilizoziona zikipita mikononi mwangu, za chini zinauzwa kati ya elfu ishirini na arobaini, za kati kati ya laki na laki na nusu hivi, na za juu, zile za majina makubwa ya Ulaya, ni Euro 200 na kupanda, yaani zaidi ya laki tano za kwetu. Kati ya ya chini na ya kati tofauti ni kubwa mno: sponji yenye tabaka, mishono iliyolala, kitambaa kisichopauka na kuonesha mwili baada ya kufuliwa mara kadhaa. Pesa hiyo unaipata mwilini. Kati ya ya kati na ya juu tofauti ipo, siwezi kudanganya. Kitambaa ni chepesi zaidi, mikanda ni laini mno, mpira wa mguuni ni upana wa kiganja na haukuachii alama, na ushonaji unanifurahisha kama fundi. Lakini sponji mara nyingi ni jirani sana. Italia kuna viwanda ambavyo kazi yao ni sponji hizi tu, kama Elastic Interface, na vinauzia majina mengi tofauti. Unaweza kulipa mara tatu ukalie kitu kilichotoka kiwanda kimoja na cha mwenzako.

Waliokimbia Kigali katika mbio kuu za wanaume walikwenda zaidi ya kilomita 260, na Tadej Pogačar aliyeshinda alikaa juu ya siti zaidi ya saa sita. Mtu wa kazi hiyo apewe bukta bora kuliko zote, na timu yake inampa. Kijana wa Moshi anayeendesha saa tatu Jumamosi hahitaji ya laki tano, na akiwa na laki tatu namshauri anunue mbili za kati. Mbili, kwa sababu bukta hii hufuliwa kila inapovaliwa, bila kukosa, na mwenye moja tu ipo siku ataivaa mbichi au chafu. Ichafuke au ikae na unyevu, thamani yote uliyolipa imepotea.

Na anayeendesha chini ya saa moja, au aliye na baiskeli ya kukaa wima, asinunue kabisa. Suruali isiyo na mshono mnene katikati inamtosha.

Akifika dukani asitazame jina. Aigeuze ndani nje. Abonyeze sponji kwa dole gumba kwa nguvu zake zote mahali mifupa inapokaa: akisikia kidole cha mkono wa pili upande wa chini, airudishe. Avute kitambaa cha paja juu ya kiganja: akiona rangi ya ngozi yake, airudishe. Apitishe ukucha kwenye mishono yote ya ndani. Aiweke mezani aone kama sponji inajikunja au imelala bapa. Dakika tano zinatosha.

Kuna jambo linanisikitisha ambalo kaka yetu hakuligusa, nalo ni bukta hizi za mitumba. Zinauzwa wazi minadani, elfu tano, elfu saba, na vijana wanazigombania kwa sababu zina jina. Nchi yetu imepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, na sababu ya afya inaeleweka. Bukta ya sponji huvaliwa bila chupi. Sponji yake imekaa kwenye ngozi ya mtu mwingine, pale pale, na imenywa jasho lake kwa misimu. Kwenye bunda inaitwa kaptula ya michezo, lakini kwa matumizi ni nguo ya ndani, na naomba wanaosimamia viwango waitazame hivyo. Hata ukiichemsha, na kuichemsha kunaiua lastiki, sponji yenyewe imeshachoka. Nimezifumua nyingi: zimebonyea na kuwa nyembamba pale mifupa ilipokuwa, na tabaka zimeachana. Mtu amenunua jina, sponji haipo.

Kwa dada zangu nina neno la peke yao. Sponji ya kiume na ya kike si moja. Ya kiume imeongezwa unene na nafasi mbele, ya kike imepanuliwa nyuma na mfereji umekaa kwingine. Maduka mengi yanaleta za kiume tu na muuzaji anakwambia zote ni sawa. Si sawa. Na wale wanaoona haya kupita sokoni na vazi linalobana, au ambao dini na malezi yao hayawaruhusu, wajue kwamba zipo bukta za ndani zenye sponji, nyepesi, zisizo na madoido, za kuvaliwa chini ya suruali pana au sketi ya suruali. Mimi mwenyewe navaa hivyo na nimeshona suruali za juu kwa wenzangu, pana kiasi lakini zilizobanwa kifundoni zisiingie kwenye cheni. Thamani ya nguo hii iko kwenye sponji, haiko kwenye kuonesha umbo. Bukta ya ndani mara nyingi ni nusu ya bei.

Kuitunza: maji ya baridi, sabuni ya kawaida, igeuzwe ndani nje, isikamuliwe kwa kusokotwa, ianikwe kivulini sponji ikiwa imeelekea juu hewa ipite. Jiki usiiguse, inaua nyuzi za mpira. Dawa ya kulainisha nguo usiitie, na pasi usiisogeze karibu. Kwa utunzaji huo ya laki moja inakaa muda mrefu. Iliyotupwa juani juu ya bati kila wiki inapauka na kulegea mapema, iwe ya laki au ya laki tano.

Mwisho, Mhariri, naomba tuitazame bei yenyewe, kwa sababu kaka yetu amewalaumu vijana kwa bei ambayo hawakuipanga wao. Tangu Julai 2022 nguo nyingi zinazotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35, kisha juu ya jumla hiyo huja VAT ya asilimia 18. Bukta iliyofika bandarini ikiwa na thamani ya shilingi 100,000 imeshakuwa 159,300 kabla ya gharama nyingine na kabla muuzaji hajaweka faida yake. Ushuru huo umewekwa kulinda washonaji wa hapa, na mimi ni mshonaji wa hapa, siupingi. Ila ulinzi huo uwe na kitu cha kulinda. Kitambaa cha kuvutika tunacho madukani. Mashine za zigizaga na ovaloki tunazo. Kinachokosekana ni sponji ya kalibu, ambayo hakuna fundi wa mtaani awezaye kuitengeneza kwa mkasi na godoro.

Kuishona inawezekana. Nimewahi kuletewa bukta ya mgeni iliyochanika vibaya huku sponji ikiwa karibu mpya, nikaihamishia kwenye bukta niliyoikata mwenyewe. Sponji hizo zina ukingo mwembamba wa kitambaa pembeni, na siri yote ni kupitisha zigizaga kwenye ukingo huo bila kugusa sponji, maana sindano ikiitoboa sponji inaacha mstari mgumu na maji yanapata njia. Mwenyewe aliondoka nayo kwenda Lushoto na akanitumia ujumbe kuniagiza nyingine. Sikuwa na sponji ya pili.

Kitambaa, uzi na ufundi wangu kwa bukta moja, pamoja na faida, haviendi juu ya elfu arobaini. Vilabu vya Moshi, Arusha, Mwanza na Dar es Salaam vikiungana kuagiza sponji peke yake kwa jumla, vijana watavaa bukta ya kweli kwa bei nafuu na pesa ya kushona itabaki hapa. Anayejua utaratibu wa kuziagiza, hata dazeni mbili za kuanzia, za kike na za kiume, aandike katika gazeti hili nasi tuliosoma tutamtafuta.

Fundi cherehani na mwendesha baiskeli,
Moshi, Kilimanjaro